Prosesa ya fayawoli ya nyumbani: haipandi, haishuki, au inazima yenyewe

Nikipigiwa simu kuhusu fayawoli ya nyumbani, malalamiko ni yale yale: intaneti nzito ilhali mtu amelipia kubwa, boksi linaunguza mkono, linazima lenyewe, au dashibodi inaonyesha namba isiyobadilika. Wanaonipigia hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, wana vifaa vinavyofanana. Mmoja ana kijikompyuta kisicho na feni chenye milango minne ya mtandao, mwingine ana mashine ndogo ya ofisini iliyokwisha tumika na kuongezewa kadi ya mtandao. Ndani kuna pfSense au OPNsense, programu za fayawoli. Zote mbili zimejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD, kwa hiyo amri nilizoandika hapa zinafanya kazi kote, na tofauti iko kwenye menyu tu.

Kila mmoja ananiambia "prosesa imegoma". Mara nyingi prosesa haina kosa lolote. Kosa liko kwenye adapta, kwenye vumbi, au kwenye macho ya anayesoma namba. Tuanze na hayo macho.

Kabla ya dalili yoyote: soma namba vizuri

Ukifungua dashibodi kuangalia kasi ya prosesa, ukurasa wenyewe unatengenezwa na prosesa hiyo hiyo. Ni sawa na kumpigia mtu simu saa nane za usiku kumuuliza kama amelala. Utaona gigahezi mbili na zaidi, utasema haipumziki, kumbe wewe ndiye uliyeiamsha.

Funga kivinjari. Ingia kwa SSH (njia ya kuandika amri kwenye boksi ukiwa kompyuta nyingine), chagua namba 8 kwenye menyu ya konsoli, kisha andika:

    sysctl dev.cpu.0.freq dev.cpu.0.freq_levels

Mstari wa kwanza ni kasi ya sasa kwa megahezi. Wa pili ni ngazi zote ambazo mfumo unazijua, na kila ngazi ina makadirio ya umeme inaoutumia kwa miliwati. Ukiona 2001 ikifuatiwa na 2000, usidhani ni kosa la uchapaji. Ile moja ya ziada ni alama ya tabo (turbo, prosesa ikijiongezea kasi kwa muda), na kasi halisi ya tabo inaweza kuwa juu zaidi ya hapo. Mtu aliwahi kunilalamikia kwamba mashine yake imeandikwa 2.7 lakini "inaishia 2001". Haikuwa inaishia hapo.

Kisha jua nani anashika usukani:

    sysctl dev.hwpstate_intel

Ikijibu kwa mistari kadhaa, mashine yako inatumia Intel Speed Shift. Teknolojia hiyo ilikuja na prosesa za kizazi cha Skylake mwaka 2015, na prosesa inajipandisha na kujishusha yenyewe bila kusubiri programu. Ikijibu kwamba haitambui jina hilo, kazi hiyo ni ya powerd, programu ndogo inayopima mzigo mara nne kwa sekunde na kuamua. Andika pembeni ni ipi kati ya hizo mbili, maana nusu ya ushauri unaozunguka mtandaoni unahusu moja na utakuharibia ukiutumia kwenye nyingine.

Dalili: nimelipia spidi kubwa, napata nusu

Chomoa fayawoli kabisa. Unganisha laptop kwa waya moja kwa moja kwenye kifaa cha faiba, upime. Ikiwa huduma yako inatumia PPPoE, itabidi uweke jina na neno la siri kwenye laptop. Spidi ikiwa ile ile mbovu, fayawoli yako haihusiki na uwasiliane na mtoa huduma. Tena upime kwa waya. Kupima kwa Wi-Fi ukiwa chumba cha tatu nyuma ya ukuta wa tofali halafu kulaumu prosesa ni kuionea.

Kama fayawoli ndiyo inayopunguza, sababu ninayoikuta zaidi ni hii. Kwenye mipangilio ya powerd kuna sehemu tatu: ukiwa na umeme wa ukutani, ukiwa na betri, na hali isiyojulikana. Watu wanabadilisha ile ya kwanza tu, kwa sababu mashine imechomekwa ukutani, si ndiyo? Lakini kijikompyuta kisicho na betri kama ya laptop mara nyingi hakina namna ya kuujulisha mfumo kwamba kiko kwenye umeme wa ukutani. Mfumo unahesabu kuwa haujui, unatumia ile sehemu ya tatu. Ikiwa hapo kumewekwa Minimum, prosesa itabaki ngazi ya chini kabisa hata dunia iungue. Kwenye pfSense iko System, Advanced, Miscellaneous. Kwenye OPNsense iko System, Settings, Miscellaneous, na sehemu hiyo ya tatu wameiita Normal Power. Weka zote tatu Hiadaptive. Hii inapanda haraka na kushuka taratibu, na ndiyo inayoifaa fayawoli. Adaptive ya kawaida inafaa zaidi laptop inayohesabu dakika za betri.

Ukitaka kuiona powerd ikifanya kazi kwa macho yako, isimamishe uiendeshe mbele yako:

    killall powerd
    powerd -v -n hiadaptive

Anzisha upakuaji mkubwa kwenye laptop. Utaona mistari ya mzigo ikipanda na kasi ikiufuata. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C, kisha uhifadhi upya ile mipangilio kwenye menyu ili huduma irudi.

Kwa wenye Speed Shift, powerd haina kazi. Angalia namba ya upendeleo:

    sysctl dev.hwpstate_intel.0.epp

Inaanzia 0, yaani nguvu kwanza, hadi 100, yaani kubana umeme. FreeBSD yenyewe huanza na 50. Ukikuta 80 au 100 na intaneti inasuasua, shusha hadi 20 upime tena. Kwa sisi wa intaneti ya nyumbani tofauti haiwi kubwa, na mtu akikuahidi miujiza kwa kubadilisha namba hii, msikilize kwa heshima tu.

Sababu ya tatu si ya kasi, ingawa inafanana nayo: PPPoE. Huduma ikija kwa PPPoE, FreeBSD inashindwa kuzigawa paketi zinazoingia kwa viini vyote, kwa hiyo kiini kimoja kinabeba gunia zima na vingine vitatu vinaota jua. Andika `top -aSHP` wakati wa upakuaji. Ukikuta kiini kimoja kimefika karibu asilimia mia na wenzake wamelala, umelipata tatizo. Kuweka `net.isr.dispatch` kuwa `deferred` kwenye sehemu ya Tunables (orodha ya mipangilio ya ndani ya mfumo) husaidia wengi. Isiposaidia, unahitaji prosesa yenye kiini kimoja chenye nguvu. Viini vingi dhaifu havitakutoa.

Na onyo dogo kwa wanaopenda vipimo: usiendeshe iperf3, programu ya kupima spidi ya mtandao, ndani ya fayawoli yenyewe. Unaipa prosesa kazi ambayo si yake halafu unaipima. Weka kompyuta moja kila upande, trafiki ipite katikati.

Dalili: inazima au kujiwasha upya, hasa mtandao ukichangamka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hii imewala watu pesa. Mama mmoja wa Nyakato anayeendesha kazi zake za uhasibu nyumbani aliniita. Alikuwa ameshabadilisha diski, ameweka mfumo upya mara mbili, na kijana mmoja alishamwambia bodi imekufa. Nilipofika nikamwamkia, akanionyesha boksi. Linawaka vizuri, taa zote kijani. "Sasa tazama, mwanangu," akabonyeza kitufe cha kupima spidi kwenye simu. Sindano ikapanda, ikafika themanini na kitu, tap, giza. Sekunde chache baadaye boksi likaanza kuwaka upya.

Nikafuata waya. Boksi, ruta ya Wi-Fi na kifaa cha faiba, vyote vitatu vilikuwa vinanyonya kwenye kile kiyupiesi kidogo cha volti 12 watu wanachonunua kwa ajili ya umeme kukatika. Kibandiko chake kilisema ampea 2, yaani wati 24 kwa jumla. Wakati wa utulivu vyote vilitosha humo. Mtandao ukichangamka prosesa inaingia tabo, matumizi yanaruka, volti inaanguka, boksi linazima. Tulichomeka boksi kwenye adapta yake ya asili, akabonyeza kitufe mara tano mfululizo. Halikuzima. Bodi "iliyokufa" bado inafanya kazi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Kwanza toa kila kitu katikati: ekstensheni, kiyupiesi, stabilaiza. Chomeka adapta moja kwa moja ukutani, upime tena kwa mzigo. Pili, badilisha adapta kwa nyingine yenye volti ile ile na ampea sawa au zaidi. Usipandishe volti hata kidogo. Tatu, kama una multimita, pima ncha ya adapta boksi likiwa na mzigo. Adapta ya 12 inayoshuka chini ya 11.4 imechoka, haijalishi inaonyesha ngapi ikiwa haina kazi.

Ukibaini kwamba ni kiyupiesi kidogo na huna kingine, kuna dawa ya muda: zima tabo kwenye BIOS, ile menyu ya bodi unayoingia kabla mfumo haujawaka. Spidi itapungua kidogo, lakini boksi litabaki hai.

Baada ya umeme na adapta ndipo uwaze usingizi mzito wa prosesa, zile hali za C. Kuna prosesa ambazo zina historia ya kuganda zikilala sana. Celeron J1900 ilijulikana kwa hilo kwenye Linux. Dalili yake ni tofauti na ya adapta: boksi linaganda likiwa halina kazi, usiku wa manane, na halijiwashi. Jaribu kuizuia prosesa isilale zaidi ya ngazi ya kwanza:

    sysctl hw.acpi.cpu.cx_lowest=C1

Likikaa wiki bila kuganda, liandike kwenye Tunables lidumu.

Simama hapa umwite fundi umeme ukiona lolote kati ya haya: adapta inanuka kuungua, kapasita kwenye bodi imevimba kichwani, betri ya yupiesi imetuna, au ukigusa bati la boksi unahisi linatekenya vidole. Hilo la mwisho watu wa Mwanza wanalizoea na kulicheka. Nyumba zetu nyingi zimekaa juu ya mwamba, na kupigilia fimbo ya ethi (ya kupeleka umeme ardhini) kwenye jiwe la itale si kazi ya nusu saa, kwa hiyo baadhi ya mafundi huizika kijuujuu au hawaiweki kabisa. Ziwa hili nalo lina radi nyingi. Fundi apime ethi ya nyumba kabla mvua hazijaanza. Usifungue adapta wala yupiesi kwa mkono wako, kwa kuwa kapasita za ndani zinashika umeme hata baada ya kuchomoa.

Dalili: boksi linaunguza, halafu spidi inashuka jioni

Joto kwanza lipimwe. Kwenye menyu ile ile ya Miscellaneous chagua kipima joto cha prosesa, coretemp kwa Intel au amdtemp kwa AMD. Kisha:

    sysctl -a | grep -E 'temperature|throttle_log|tjmax'

Boksi lisilo na feni kuwa moto kwa kuguswa ni kawaida, maana bati lenyewe ndilo linalotoa joto nje. Nyuzi 55 hadi 70 zisikunyime usingizi. Unachotafuta ni throttle_log. Ikiwa 1, prosesa imewahi kufikia kikomo na kujibana ili isiungue. Irudishe 0, subiri siku moja, angalia kama imerudi 1.

Sababu inayoongoza ni mahali lilipowekwa. Kabati la TV, nyuma ya king'amuzi, juu ya yupiesi, chini ya kitambaa cha kufuma. Litoe, lisimamishe wima kama limetengenezwa hivyo, liache pumzi pande zote. Chumba chenye bati bila dari saa tisa alasiri hakifai hata kwa binadamu.

Inayofuata ni uchafu. Wanaoishi Bwiru, Kirumba na kando ya ziwa wanawajua wale wadudu wanaoinuka majini kama moshi. Hawaumi, lakini wanafuata taa, na taa ndogo ya mtandao inayopepesa usiku kwao ni sherehe. Nimefungua mashine ya ofisini yenye feni nikakuta kati ya mapezi ya kupoozea kuna utando mweusi mkavu, ukiugusa unasagika kama dagaa iliyokaushwa kupita kiasi. Harufu yake ni hiyo hiyo. Zima, chomoa, peleka nje, tumia brashi laini na blowa, huku ukiizuia feni kwa kidole isizunguke.

Ikishindikana, ni pesti ya joto iliyokauka kati ya prosesa na bati. Kwenye mashine ya ofisini hii ni kazi ya nusu saa: futa ya zamani kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Kwenye maboksi yasiyo na feni, ikiwa unaona kuna pedi nene au kipande cha shaba katikati, mpe fundi. Ukifunga skrubu kwa upande mmoja, pengo linabaki na joto linazidi kuliko mwanzo.

Mwisho angalia BIOS. Baadhi ya maboksi mapya, hasa ya N100, yanakuja na kikomo cha umeme kilichopandishwa mno kwa bati dogo namna ile. Tafuta PL1, yaani kikomo hicho, na uishushe hadi wati 10 au hata 6, ambazo ndizo Intel wenyewe walizoitajia N100. Piga picha ya kila ukurasa kabla ya kugusa. Usiguse mistari ya volti.

Dalili: "no cpufreq(4) support"

Ujumbe huu unaonekana powerd ikijaribu kuanza na kukata tamaa. Maana yake ni kwamba mfumo hauoni ngazi za kasi. Kwanza angalia BIOS kama SpeedStep au EIST (uwezo wa prosesa za Intel wa kubadilisha kasi) imezimwa. Pili, kama fayawoli yako inaishi ndani ya mashine pepe, mfano kwenye Proxmox, hilo si kosa kabisa: mwenyeji ndiye mwenye prosesa, mgeni haruhusiwi kushika swichi. Zima powerd ndani ya mgeni, shughulikia kasi kwa mwenyeji. Ukikuta huko neno "powersave" kwenye prosesa ya Intel, usilikimbilie kulibadilisha. Kwa intel_pstate, dereva ya Linux inayosimamia kasi, neno hilo halimaanishi kukaa chini daima.

Wenye bodi za APU2 zenye AMD GX-412TC: mfumo utawaonyesha 600, 800 na 1000 tu. Firmiwea mpya inaipandisha hadi 1.4 gigahezi yenyewe bila kutangaza. Hakuna cha kurekebisha.

Dalili: nilirekebisha, umeme ukakatika, imerudi vile vile

Betri ya duara kwenye bodi, CR2032. Ikifa, BIOS inasahau kila ulichoweka mara tu umeme unapokosekana: SpeedStep, kikomo cha wati, hata saa. Angalia tarehe kwenye BIOS. Ikisoma miaka ya nyuma, umepata jibu. Mpya ina volti 3 na kidogo. Ikishuka chini ya 2.8, ibadilishe. Ukiwa humo humo, tafuta mstari unaohusu umeme kurudi baada ya kukatika uweke Power On, ili boksi lijiwashe hata kama uko safarini Ukerewe.

Dalili: LUKU inaisha haraka

Piga hesabu kabla ya kulalamika. Boksi la wati 10 likiwaka saa 24 linakula uniti 7.2 kwa siku 30. Mashine ya ofisini ya wati 25 inakula 18. Kwa aliye kwenye D1, kundi la bei la matumizi madogo, anayepambana asivuke uniti 75 kwa mwezi, hizo karibu 11 za tofauti ni kitu. Lakini kuhangaika na powerd ili upunguze wati 2 kwenye boksi la wati 10 kunakuokolea uniti moja na nusu, na jokofu lako lenye mpira uliochanika mlangoni linacheka.

Ukiamua kunipigia au kumwita fundi mwingine, uwe na majibu ya amri mbili za mwanzo, picha ya kibandiko cha adapta, na saa ambayo tatizo linatokea. Picha ya dashibodi iache.